Nyoka anayekula kilo mbili kwa mwaka, na biashara iliyomzunguka

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara yeyote wa Namanga, Busia au Mutukula anaijua hesabu ya kwanza ya ufugaji: mnyama atakula kiasi gani kabla hajakurudishia fedha yako. Kuku anadonoa kutwa. Ng'ombe anacheua mpaka usiku. Mbwa wa kulinda ghala haondoki mlangoni mpaka apate ugali wake.

Sasa chukua mnyama anayekula mara moja kila baada ya siku saba hadi kumi, asiyebweka, asiyehitaji chanjo, na anayeweza kuishi miaka 20. Chakula chake cha mwaka mzima hakifiki kilo tatu. Huko Marekani watu humfuga ndani ya nyumba zao, humnunulia chakula dukani, na wapo wanaosomesha watoto kwa kumzalisha.

Mnyama huyo ni nyoka. Najua hapo kuna waliotaka kufunua ukurasa wa pili. Subirini kidogo, kwa sababu habari hii inaishia kwenye mipaka yetu wenyewe, na ndani yake kuna faini na jela.

Huyu tunayemzungumzia anaitwa nyoka mfalme. Wala si yule swila mkubwa wa Asia anayeitwa kobra mfalme, ambaye akikugonga jamaa huanza kutafuta sanda. Nyoka mfalme ni wa Amerika, hana sumu, na urefu wake kwa kawaida ni kama mita moja, wengine hufika mita moja na nusu. Wataalamu humwita Lampropeltis, jina la Kigiriki lenye maana ya ngao zinazong'aa, kwa sababu magamba yake humetameta kama yaliyopakwa mafuta. Anayefugwa sana ni yule wa California, mweusi au wa kahawia, mwenye pete nyeupe au za rangi ya maziwa kuanzia shingoni mpaka mkiani.

Ufalme ameupata kwa kula nyoka wenzake. Porini hula panya, mijusi, ndege na mayai, lakini akimkuta nyoka mwingine naye ni chakula, hata akiwa yule mwenye sumu kali anayetikisa mkia kama kayamba. Damu ya nyoka mfalme ina kinga dhidi ya sumu za nyoka hao wa kwao. Humkamata mwenzake kichwani, humzingira, humbana mpaka moyo unasimama, kisha humeza. Anaweza hata kummeza nyoka aliyemzidi urefu, kwa kumkunjakunja tumboni kama mtu anayelazimisha kamba ndefu iingie kwenye mfuko mdogo.

Tabia hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kumfuga: kila nyoka na sanduku lake. Wawili wakilala pamoja, asubuhi unaweza kumkuta mmoja, amenenepa. Hata mfugaji anapotaka wapandane, kwanza huwashibisha wote wawili, ndipo huwaweka pamoja, na hukaa hapohapo akiwatazama.

Panya wa kwenye friza

Chakula chake cha kufugwa ni panya wadogo weupe, wale wa maabara. Huko kuna wanaoishi kwa kazi hiyo tu: wanazalisha panya kwa maelfu, wanawaua kwa gesi, wanawapanga kwa ukubwa, wanawagandisha na kuwauza kwa mifuko kama sisi tunavyouza dagaa kwa kisado. Mteja hununua mfuko wa miezi mitatu na kuutia kwenye friza. Katika nyumba nyingi nasikia hiyo ndiyo sehemu ngumu ya ndoa. Nyoka anavumilika, panya kando ya nyama ya Jumapili ndiye analeta maneno.

Ukubwa wa panya hupimwa kwa mwili wa nyoka. Asizidi unene wa sehemu pana kuliko zote ya mwili wa anayekula. Nyoka aliyetoka kwenye yai, mwenye sentimita 20 hadi 30, hupewa kitoto cha panya cha siku moja au mbili, kile chekundu kisichoota manyoya, kila baada ya siku tano hadi saba. Akikua, panya naye anakuwa mkubwa na siku zinaongezeka. Mkubwa hutosheka na panya mmoja au wawili wazima kwa wiki au siku kumi. Panya mzima ana gramu 20 hadi 30. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwaka ni kati ya kilo moja na kilo mbili na nusu, pamoja na mifupa na manyoya.

Panya haendi mezani akiwa barafu. Hutolewa friza jana yake na kuwekwa sehemu ya chini ya jokofu ayeyuke taratibu, kisha huingizwa kwenye mfuko na kulowekwa katika maji ya moto mpaka awe na uvuguvugu wa mwili. Maikrowevu haitumiki; huiva upande mmoja na kupasuka upande mwingine. Kisha hushikwa mkiani kwa koleo ndefu na kutikiswa kidogo mbele ya nyoka.

Kwa nini koleo, wakati nyoka hana sumu? Kwa sababu nyoka mfalme ni mlafi. Pua yake ikishajaa harufu ya panya, kila chenye joto ni panya, na kidole ni kimoja kati ya hivyo. Akikosea akaling'ang'ania, dawa si kuvuta, maana meno yake yamepinda kuelekea ndani na utamvunja. Mfungulie maji ya bomba ya baridi, ataachia. Mfugaji mzoefu hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika na baada ya kumshika. Kabla, ili asinuke chakula. Baada, kwa sababu nyoka na jamaa zake hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua, na mtoto wa chini ya miaka mitano hashauriwi kuwashika kabisa.

Kuna wanaouliza kwa nini asipewe panya hai, ajiwindie. Panya hai aliyeingizwa kwenye sanduku la nyoka asiye na njaa hugeuka yeye mwindaji. Humtafuna nyoka mgongoni, na yapo majeraha yanayofika kwenye mfupa. Panya wa mtaani naye hafai. Ana minyoo, na huenda amekula sumu. Sote tunajua jinsi vifuko vya sumu ya panya vinavyouzwa katika masoko ya mpakani, kwenye meza ileile yenye viwembe na betri. Panya aliyeonja sumu hiyo huiua paka, huua bundi, na nyoka hana kinga nayo.

Akishakula, haguswi kwa siku mbili. Ukimbeba akiwa na shibe, atatapika, na nyoka aliyetapika hapewi chakula tena haraka. Huachwa siku kumi hadi kumi na nne, kisha huanzishiwa panya mdogo kuliko wa kawaida. Wageni wa kazi hii wanakosea hapo. Wanaona chakula kimetoka, wanahofia njaa, wanamlisha kesho yake, anatapika tena, na safari hii hasimami.

Joto upande mmoja

Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Tumbo lake linasaga chakula kwa joto analolipata nje, na likikosekana, panya huozea ndani. Ndiyo maana sanduku lake lina pande mbili: upande wa joto, nyuzi 28 hadi 31, na upande wa baridi, nyuzi 21 hadi 24. Yeye mwenyewe huhama kulingana na mahitaji. Joto hutoka kwenye mkeka wa umeme uliowekwa chini ya sanduku, na mkeka huo lazima uwe na themostati. Bila themostati hupanda mpaka kumchoma nyoka tumbo, naye hana akili ya kuondoka mapema. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atacheka kusikia mtu analipia umeme apate nyuzi 30. Lakini wa Kabale au Njombe ataelewa.

Kila upande huwekewa maficho, hata boksi dogo lenye tundu, kwa maana nyoka asiye na pa kujificha hugoma kula. Bakuli la maji safi halikosi. Chini hutandikwa maranda ya mbao, lakini si ya mwerezi wala ya mti wowote wenye mafuta ya harufu kali; harufu inayofukuza nondo kabatini humuumiza nyoka mapafu. Na kifuniko kiwe na klipu. Nyoka mfalme ni bingwa wa kutoroka, na penye upenyo wa kupita kichwa mwili wote unapita. Shikeni hilo, tutarudi kwake.

Mara kadhaa kwa mwaka hujivua gamba. Tanzania, mwaka 2011, maneno hayo yalikuwa ya siasa. Huku ni kazi ya wiki moja au mbili. Rangi hufifia, macho yanageuka ya buluu kama yaliyoingiwa moshi, na katika siku hizo haoni vizuri, hukasirika upesi, wala hali. Kisha macho hung'aa tena, na baada ya siku chache hulisugua pua kwenye kitu kigumu na kutoka kwenye ngozi nzima nzima, kama soksi iliyogeuzwa. Ikitoka vipandevipande, hewa ya sandukuni ni kavu. Mfugaji huchunguza kwanza ncha ya mkia na macho, maana ngozi kuukuu ikibaki mkiani hukaza kama uzi na kuukata.

Utitiri wa nyoka nao upo, vidoa vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, vikitembea kwenye kingo za magamba. Dalili yake ya mapema ni nyoka kushinda ndani ya bakuli la maji. Ndiyo sababu nyoka mpya hukaa chumba cha peke yake mwezi au zaidi kabla ya kukaribishwa karibu na wengine.

Fedha iko kwenye mayai

Wanaozalisha huwapoza kwanza. Kwa miezi miwili hadi mitatu ya baridi nyoka hushushwa mpaka nyuzi 10 hadi 15, bila chakula, tumbo likiwa tupu. Joto likirudi wanapandana, na jike hutaga mayai matano hadi kumi na mbili hivi, yenye ngozi laini kama ngozi ya ngoma iliyoloweshwa. Mayai huhamishiwa kwenye kontena lenye unyevu, nyuzi 27 hadi 29, na baada ya kama miezi miwili vitoto hupasua ganda.

Hapo ndipo fundi hutambulikana. Kitoto hakili mpaka kijivue gamba la kwanza, wiki moja hivi baadaye, na baadhi vikiwekewa panya havimtambui kabisa, kwa sababu porini chakula chao cha utotoni ni mijusi. Fundi huchukua panya mchanga na kumsugua kwa mjusi ili anukie kimjusi. Kitoto hudanganyika na kula. Wiki zinazofuata harufu hupunguzwa kidogo kidogo mpaka kinazoea panya mtupu. Kitoto kisichokula hakiuzwi, na muuzaji mwaminifu huandika tarehe ya kila mlo ili mnunuzi aone.

Bei hufuata rangi. Kuna weupe wenye macho mekundu, kuna wa njano kama ndizi, kuna wasio na pete hata moja, wote wametokana na kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Hakuna anayeingia porini kuwafuata hao. Posta ya Marekani haipokei nyoka, kwa hiyo husafirishwa kwa kampuni binafsi za usiku mmoja, ndani ya boksi lenye kuta za povu na kifuko cha joto. Na si kila jimbo linamruhusu. Hawaii hairuhusu raia kufuga nyoka wa aina yoyote. Faini yake inaweza kufika dola 200,000 na kifungo cha miaka mitatu. Hawaii ni visiwa, na watu wa visiwa wana sababu.

Gran Canaria

Turudi kwenye kifuniko kisichofungwa. Gran Canaria ni kisiwa cha Hispania, baharini magharibi mwa Morocco. Hakikuwa na nyoka hata mmoja wa asili. Nyoka wafalme wa California waliletwa kama wanyama wa nyumbani, wakatoroka au wakaachiliwa, na tangu miaka ya mwisho ya 1990 wakaonekana wakizaliana porini, wengi wao wakiwa weupe kabisa, ushahidi kwamba walitoka kwenye masanduku ya watu. Kisiwani kulikuwa na mjusi mkubwa asiyepatikana kwingine kokote duniani kiasili, na ambaye hajawahi kumwona nyoka akajifunza kukimbia. Watafiti walioandika mwaka 2021 walikuta kwamba sehemu zilizoingiliwa na nyoka, mijusi hao wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Maelfu ya nyoka wamekamatwa, na bado wapo.

Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulimwingiza nyoka mfalme wa kawaida kwenye orodha ya viumbe vamizi. Kumwingiza, kumuuza na kumzalisha kukapigwa marufuku katika nchi zote 27. Aliye naye tayari abaki naye mpaka afe, asizae. Fikiria mfugaji aliyekuwa na majike 30 na wateja wa kudumu. Soko lake halikufungwa na mshindani wala na kodi. Wa pwani wanaomjua kunguru mweusi aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na sasa yuko mpaka bara akila vifaranga, hawahitaji maelezo marefu.

Na sisi je?

Nyoka mfalme si wa kwetu, na aliyesoma hapa kwamba nyoka mwenye pete hana sumu asiende kumjaribu wa nyuma ya ghala. Tunao nyoka wenye pete walio ukoo mmoja na swila, na wana sumu. Ufugaji wa nyoka si mgeni hapa: Bayeye wa Usukumani wamecheza ngoma na chatu kwa vizazi, na Watamu iko Bio-Ken, iliyoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, ambako nyoka hukamuliwa sumu kwa ajili ya dawa. Hao wana ujuzi na wana vibali.

Kinachomhusu mchuuzi wa mpakani ni ombi. Huja kwa sura ya urafiki: mgeni anauliza kama unawafahamu vijana wanaoweza kukamata mijusi, vinyonga au nyoka wadogo, atawanunua kwa bei nzuri, wewe uwavushe tu ndani ya mzigo wa nyanya.

Kabla ya kujibu, sikiliza ya Kimboza. Ni msitu mdogo mkoani Morogoro, ambamo anaishi mjusi mdogo wa buluu inayong'aa, asiyepatikana isipokuwa humo na vipande vichache vya misitu ya jirani. Katika miaka ya 2000 wakamataji walimchukua kwa makumi ya maelfu na kumpeleka Ulaya, Marekani na Asia. Hujificha kwenye majani ya mikadi, basi mikadi ikakatwa ili afikiwe. Aliyepanda mti alilipwa vijisenti kwa kichwa. Wanunuzi wa Ulaya wakawazalisha majumbani mwao, na leo vitoto vinauzwa huko bila Kimboza kupata hata shilingi. Tangu Januari 2017 mjusi huyo yuko kwenye orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ile inayokataza kabisa biashara ya waliotolewa porini.

Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwezi Mei 2016. Juni 2022 serikali ilitangaza kufungua dirisha la muda, na kelele zilipozidi, ikalifunga kabla halijatumika. Kenya, Aprili 2025, walikamatwa vijana wawili wa Ubelgiji, Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja. Mzigo wao haukuwa pembe wala ngozi. Ulikuwa chungu hai, wale wawili wa Ubelgiji wakiwa na 5,000 peke yao, ndani ya vijichupa vyenye pamba, kwa ajili ya watu wa ng'ambo wanaofuga wadudu kama wengine wanavyofuga nyoka. Mwezi uliofuata mahakama ilimtoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au jela mwaka mmoja. Mkenya naye alihukumiwa hivyohivyo.

Kwa hiyo tusichanganye karatasi. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile wachuuzi wengi wanachokijua kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakimvushi mnyama wa porini, awe chatu au awe chungu. Huyo ana kibali chake, na hakitolewi dirishani mpakani. Kenya hutafutwa KWS, Tanzania Idara ya Wanyamapori, Uganda wizara inayoshughulikia utalii na wanyamapori. Huanza kuombwa kabla mnyama hajakamatwa, na swali la kwanza utakaloulizwa ni amezaliwa wapi.